Tairi la Nyuma na Mtu wa Karibu

Ipo nchi moja, msiniulize iko upande gani, maana ramani zake zote ziliitwa Makao Makuu kwenda kuhakikiwa na hazijarudi mpaka leo. Ni nchi nzuri. Wananchi wake wanapendwa mno na serikali yao, na kila mmoja anayo hati ya kuthibitisha kwamba anapendwa, yenye picha na alama za vidole. Mkuu wa nchi hiyo huitwa Mlezi Mkuu. Jina lake jingine wazee walikuwa wakilijua, nao wamelisahau kwa hiari yao.

Katika wilaya ya Kokotoni alikuwapo dereva wa bodaboda aitwaye Sekiondo, mtu wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwembamba, mabega yameinama kidogo kwa kuzoea usukani. Mkewe Mwantumu alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Mtoto hawakujaliwa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja hakikuwa na kazi yoyote ila kupitiwa kwenda kingine.

Msimwonee huruma mapema. Sekiondo alikuwa na watu wake, na watu hao aliwapata mgongoni. Asiyewahi kuendesha bodaboda halijui jambo hili: abiria akishakaa nyuma yako haoni uso wako, nawe huoni wake, basi hufunguka. Mwalimu wa hesabu alimweleza tangu sokoni hadi shuleni jinsi anavyomwogopa mke wake. Fundi cherehani mmoja alimwambia kwamba hakuwahi kupenda kushona, hata siku moja. Sekiondo aliwajua kwa sauti na kwa uzito. Akikutana nao uso kwa uso hakuwatambua mpaka waseme, na wengine walidhani ana maringo. Kutwa nzima alibeba mazungumzo ya watu ishirini, na jioni alirudi nayo nyumbani yakamtosha mpaka asubuhi.

Ndipo tairi la nyuma lilipoisha. Liliisha mpaka nyuzi zikaonekana. Trafiki aliinama, akalipapasa kwa kiganja, akasikitika, akaandika kwenye kitabu chake kwamba pikipiki ile isibebe mtu mpaka ipate tairi jipya. Sekiondo aliisukuma hadi nyumbani, akaiegesha katika kile chumba cha kupita. Siku hiyo hakuna aliyemwambia neno tangu saa tano mchana mpaka kulala.

*

Zamani kidogo, mtu wa Kokotoni tairi likimwishia alikwenda kwa Kwembe pale njiapanda. Alichagua, akaligonga kwa ngumi, akabishana bei mpaka mate yakamkauka, akaondoka nalo begani. Waziri wa Ununuzi wa Mbali na Ukaribu wa Wananchi aliporudi kutoka ng'ambo, alikokwenda kwa mkutano wa siku mbili uliochukua wiki tatu, alitangaza kwamba mtindo huo ni aibu mbele ya mataifa. Huko alikokuwa alimwona mgeni hotelini akinunua viatu kwa simu huku amelala.

"Kwa nini mwananchi wetu asimame?" aliuliza redioni, sauti ikimtetemeka kwa uchungu. "Amekosa nini?"

Wiki iliyofuata maduka yote ya vipuri yalipigwa kufuli la serikali, na matairi yote nchini, popote yalipokuwa, yakatangazwa kuwa yamo ndani ya Duka la Taifa la Mtandaoni.

Popote yalipokuwa, maana yake hayakuhamishwa. Sekiondo alimkuta Kwembe amekaa kwenye benchi nje ya duka lake mwenyewe, na nyuma yake, ndani ya nondo za dirisha, matairi yalikuwa yanaonekana vizuri kabisa. La Sekiondo lilikuwa la tatu kutoka chini. Saizi yake hasa, inchi kumi na saba, na ubavuni lina msalaba mdogo wa chaki ambao Kwembe alikuwa na kawaida ya kuuchora.

"Lile pale," alisema Sekiondo.

"Lile pale," Kwembe alikubali.

"Sasa si unitolee tu, bwana Kwembe?"

"Nikutolee nini? Lile haliko pale, ndugu yangu. Lile liko mtandaoni." Kwembe alikuwa amekwishahudhuria semina.

*

Basi Sekiondo alirudi nyumbani, akalala kitandani kama Waziri alivyoagiza, akafungua Duka la Taifa kwenye simu yake. Picha ya Mlezi Mkuu ilimkaribisha akiwa ameshika tairi. Alichagua aina ya pikipiki, akachagua gurudumu la nyuma, akaandika jina, wilaya, na sababu za kulipenda taifa lake kwa maneno yasiyopungua hamsini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa uliuliza: *Mtu wako wa Karibu ni nani? Sehemu hii ni ya lazima.*

Serikali ilikuwa na sababu zake. Ilikuwa imegundua kwamba mtu anunuaye peke yake anaweza kusema mzigo haujafika hali umefika, au umefika hali haujafika, na hakuna wa kumsuta. Kwa hiyo kila mnunuzi alitakiwa kuwa na mtu mmoja anayemjua. Sheria ilieleza bila kuacha shaka: Mtu wa Karibu ni yule aliyekupigia simu angalau mara tatu ndani ya mwaka mmoja bila kuomba kitu.

Sekiondo aliandika jina la Kwembe. Mtambo ulifikiri kidogo, ukajibu kwamba Ndugu Kwembe amempigia mara sifuri. Aliandika jina la mwalimu wa hesabu. Mwalimu alikuwa amempigia mara mia moja na nne, na zote aliuliza "Uko wapi, njoo unichukue," jambo ambalo kisheria ni kuomba. Kulikuwa na mtu asiyemjua aliyepiga mara mbili akimtafuta fundi bomba. Mtambo ulimsikitikia Sekiondo kwa kukosa mara moja tu.

Mwisho, sijui ni kwa nini, labda kwa kuwa namba ile bado alikuwa nayo na kidole kiliizoea, aliandika Mwantumu.

*Mtu huyu hapatikani kwa sababu za kifo,* mtambo ulijibu. *Tafadhali mkumbushe ahuishe taarifa zake.*

Sekiondo aliiweka simu kifuani. Hakulia, ila alijisikia mpweke kuliko siku ile ya mazishi yenyewe, maana siku ile walau watu walijaa uani.

*

Afisa Ukaribu wa Wilaya alikuwa mwanamama mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwatazamia wananchi. Alibadilisha miwani, akamtazama.

"Huna mtu?"

"Sina, mama."

"Hata mmoja?"

"Waliokuwapo wamekufa, mama. Wengine nimewabeba tu."

"Hebu fikiria vizuri, baba. Nchi ina watu mamilioni. Serikali imejenga barabara ili mfahamiane. Imeleta simu. Wewe umekaa kwenye watu wote hao umekosa mmoja, halafu unataka tairi?" Alitoa fomu ya kijani. "Haya, kuna Mtu wa Karibu wa Muda. Unapangiwa na wizara. Jaza hapa, halafu niletee mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba huna mtu. Wawe wanakufahamu vizuri."

Sekiondo aliisoma fomu mara mbili. "Mama, nikiwa na watu wawili wanaonifahamu vizuri, si hao ndio watu wenyewe?"

"Ndiyo maana wengi hukataliwa," alisema afisa, akarudisha miwani ya kusomea.

Sekiondo alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Kwenye foleni ya vibali vya kufuga njiwa walisimama wanaume wawili wasiojuana. Aliwaeleza shida yake. Wakaingia naye, wakainua mikono, wakaapa mbele ya afisa kwamba mtu huyu hawajawahi kumwona maishani, hawajui ametoka wapi, wala hawana haja ya kujua. Afisa aliandika kwa haraka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kupata ushahidi ulionyooka kama ule.

*

Simu ya kwanza ilipigwa Jumatatu, saa nne kamili asubuhi.

"Habari za asubuhi, Ndugu Mnunuzi. Naitwa Ndugu Tumaini kutoka wizarani. Mimi ni Mtu wako wa Karibu wa Muda kwa ajili ya tairi moja la nyuma. Mazungumzo haya yanarekodiwa kwa faida ya ukaribu. Umeamkaje?"

Ilikuwa sauti ya kike, ya chini, yenye mikwaruzo kidogo kama ya mtu aliyetoka kuugua mafua.

"Nimeamka salama," alisema Sekiondo.

"Umekula nini?"

"Nimekula."

"Nini?"

Hakuwa amekula kitu. "Chai," alisema. "Na kiazi."

"Vizuri sana. Nakufikiria. Kwaheri."

Utaratibu ulikuwa simu ishirini na moja, kila siku ya kazi, kwa kuwa wataalamu wa wizara walikuwa wamefanya utafiti wakaona kwamba ukaribu hukomaa siku ya ishirini na moja, ndipo tairi liruhusiwe kumfikia mnunuzi. Siku ya pili Sekiondo aliona haya kudanganya tena, akachemsha kiazi kweli. Siku ya nne alipika kunde. Wiki ya pili alikuwa akiamka mapema, anafagia hadi uvunguni, anapika, anakula mezani, kisha anakaa na simu mbele yake na majibu yake tayari.

Tumaini alikuwa na maswali yaliyopangwa, lakini hakuwa anayasoma kama redio. Siku moja Sekiondo alimwambia kwamba wali umeungua kwa sababu alikuwa akimsubiri yeye, naye akacheka kicheko kifupi, cha puani, kisha akanyamaza kama mtu aliyejikwaa. Kicheko hicho kilikaa katika nyumba ile mpaka jioni. Siku nyingine alisema huko kwao mvua inanyesha. Sekiondo alitoka nje akatazama mbingu ya Kokotoni iliyokuwa kavu kabisa, akafurahi tu kuwa ipo mahali inanyesha.

Siku ya kumi na tatu, baada ya maswali ya chakula na usingizi, Tumaini akauliza: "Hivi mtu anajuaje kwamba tairi limeisha? Kwa kulitazama?"

"Aaa, macho yanachelewa," Sekiondo alisema, akakaa vizuri. "Unajua kwa kiuno. Ukiingia kwenye mchanga, pikipiki inaanza kuogelea. Yaani wewe unakwenda huku, nyuma kunakwenda kwake. Hata abiria akiwa makini anasikia."

"Inaogelea," alirudia Tumaini polepole. "Vizuri sana. Nakufikiria. Kwaheri."

Na wakati huo, lori la wizara lilifika njiapanda likiwa na askari sita. Walifungua kufuli la duka la Kwembe, wakatoa tairi la tatu kutoka chini, wakafunga kufuli, wakalipeleka Makao Makuu, kilomita mia na themanini, likasajiliwe ili lirudi. Kwembe aliwapungia mkono.

*

Tairi lilirudi siku ya ishirini na moja kwa msafara wa magari manne. Bendi ilipiga. Mkuu wa Wilaya alipanda juu ya meza mbele ya nyumba ya Sekiondo, akaeleza mambo kwa mapana.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu walisema mwananchi wa kawaida hawezi kupata tairi akiwa amelala. Leo wako wapi? Tazameni tairi hili. Lina duara! Duara hilo halikuja hivihivi, limeletwa na uongozi imara. Zamani mtu alikwenda dukani akarudi na tairi kwa nusu saa, bila kujua hata linatoka wapi. Leo hii mwenzenu amelisubiri mwezi mzima, na katika mwezi huo amekua, amekomaa, ameunganishwa na taifa lake!"

Walipiga makofi. Sekiondo alipigwa picha akiwa ameshika upande mmoja wa tairi na Mkuu wa Wilaya ameshika mwingine. Msalaba wa chaki bado ulikuwapo ubavuni, umefifia kidogo kwa safari. Kisha msafara uliondoka na meza, na uani pakabaki vumbi, na tairi, na Sekiondo.

Simu yake ilikuwa na kitufe kipya, cha bluu: *Nimepokea.*

Saa nne ya siku iliyofuata Tumaini alipiga. "Hongera kwa tairi, Ndugu Mnunuzi. Ukibonyeza kile kitufe, shughuli inakuwa imekamilika, na faili linafungwa."

"Halafu?"

"Halafu nakutakia safari njema."

"Nami nitakuwa nakupigia wapi?"

"Mnunuzi hapigi," alisema Tumaini. "Namba hii haipokei."

Sekiondo hakubonyeza. Alisema analikagua tairi. Kesho yake pia alikuwa analikagua, na keshokutwa alisema analikagua kwa ndani. Tairi lilikaa mezani pake, na kila siku saa nne sauti ilikuja, ikauliza alichokula, yeye akajibu. Alijua kwamba bila tairi hana abiria, na bila abiria hana riziki wala sauti ya mtu mgongoni. Aliyajua yote hayo, na kidole kikakataa.

Siku ya sita sauti ilikuja chini zaidi. "Ndugu Mnunuzi, nisikilize. Usipobonyeza leo, mimi naandikwa kwamba nimeshindwa. Mtu wa Karibu ambaye faili lake halifungiki anahesabiwa amepitiliza. Wameshaondolewa watatu."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Haimo kwenye mwongozo."

Sekiondo alibonyeza hata kabla hajakata simu. Kitufe kilizama, na laini ikakatika palepale, kabla ya kwaheri.

*

Alilifunga tairi mwenyewe, akaitoa pikipiki barabarani. Abiria walikuja. Lakini katika mwezi ule aliokuwa ndani serikali haikukaa bure. Ilikuwa imegundua kwamba abiria wanaozungumza na dereva husababisha ajali, au maoni, na kwa hiyo kila abiria alipewa Helmeti ya Malezi, nzito, inayofunika masikio yote mawili, na ndani yake hotuba za Mlezi Mkuu zikisomwa bila kikomo. Mwalimu wa hesabu alipanda na kushuka bila kutamka neno. Fundi cherehani alimwonyesha njia kwa kumgusa bega. Sekiondo alizunguka Kokotoni siku nne akiwa na watu mgongoni, na ilikuwa kama kubeba magunia.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, alfajiri, alijaza mafuta, akashika barabara ya Makao Makuu.

Wizara ilikuwa jumba la ghorofa sita lenye kioo kila upande, na mlango mmoja. Mlinzi alimpa kitabu cha wageni.

"Unamtaka nani?"

"Ndugu Tumaini."

"Yupi? Wako arobaini. Wote ni Ndugu Tumaini, wanaume kwa wanawake. Jina ni la wizara." Mlinzi aligonga kalamu kwenye kitabu. "Na hapa andika, ni nani wako?"

Sekiondo alishika kalamu. Alitafuta neno, na neno halikuwapo. Aliandika *tairi*. Mlinzi alisoma, akaona limekaa sawa, akamruhusu.

Mkurugenzi wa Ukaribu, Profesa Daktari Mhandisi Kitundu, alimpokea akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeagizwa mtandaoni.

"Nimefurahi umekuja kushukuru," alisema.

"Nimekuja kumwona, mheshimiwa. Hata dakika moja."

"Kumwona nani? Bwana wee, sikiliza nikufahamishe. Mtu wa Karibu si mtu. Ni cheo. Kama ilivyo kwa hakimu au mpiga mihuri. Wewe ukigongewa muhuri unataka kuufahamu muhuri?" Alicheka, akamshika bega kwa upendo wa kiserikali. "Lakini kwa kuwa umetoka mbali, njoo uone huduma inavyotolewa. Usiguse kitu."

Alimpeleka mpaka kwenye ukumbi mrefu. Watu arobaini walikaa katika vibanda vidogo vya mbao, kila mmoja na vifaa masikioni na kitabu kinene cha kijivu mbele yake, wote wakizungumza kwa pamoja. Sekiondo aliwatazama, na nyuso zile hazikumwambia lolote. Basi alifanya alichozoea. Aliwageuzia mgongo, akatazama ukutani, akaacha sauti zimjie kutoka nyuma.

Haikuchukua muda. Safu ya tatu, upande wa kushoto, ile mikwaruzo ya mafua.

"...Na wali? Umeungua? Kwa sababu ulikuwa unanisubiri mimi?" Kikafuata kicheko, kifupi, cha puani, kisha kimya kama cha mtu aliyejikwaa. "Huku kwetu mvua inanyesha. Vizuri sana. Nakufikiria. Kwaheri."

Nje ya kioo jua lilikuwa likiwaka vilivyo. Sekiondo alimshukuru Mkurugenzi na akatoka bila kugeuka.

*

Aliketi juu ya pikipiki yake nje ya geti, kando ya madereva wengine. Angeweza kuondoka. Alijiambia anapumzisha injini. Moyo ulimuuma kama wa kijana, na aliona aibu kwa hilo, mtu mzima wa umri wake kuumizwa na kicheko.

Saa tisa na nusu alasiri geti lilifunguliwa, na akina Tumaini wote arobaini wakatoka. Hakuna aliyezungumza. Walikuwa wameongea tangu asubuhi, midomo yao imechoka, wakapita wawiliwawili na mmojammoja, kimya, wakielekea barabarani. Wawili walimwashiria Sekiondo kwa kidole, naye akasema pikipiki ina hitilafu. Alikuwa amekwishakata tamaa ndipo mwanamke mmoja mfupi, mwenye mtandio wa kahawia, umri wa miaka arobaini na kitu, akaja kutoka upande wa nyuma.

"Kaka, Mianzini," alisema. "Twende kimya tafadhali. Nimechoka kuongea."

Alimjua kwa neno la kwanza. Alisogea mbele kidogo kumpisha. Wafanyakazi wa wizara hawakulazimishwa kuvaa Helmeti ya Malezi. Walikuwa na hotuba ya kutosha. Waliondoka. Mwanamke alishika chuma cha nyuma, akakaa wima, mwepesi kuliko Sekiondo alivyokuwa akimfikiria. Waliivuka lami, wakaingia njia ya mchanga iendayo Mianzini, mchanga mwingi, mwekundu.

"Tairi jipya hili," alisema mwanamke, kama anayejisemea. "Haliogelei."

Sekiondo alipunguza mwendo. "Nani kakufundisha hayo?"

"Mnunuzi mmoja."

"Wa wapi?"

Walikwenda mpaka njia ilipokuwa nyembamba, na Sekiondo, akiwa anatazama mbele, alisema: "Wa Kokotoni."

Alisikia ule uzito mwepesi ukikauka nyuma yake.

"Faili lako limefungwa, Ndugu Mnunuzi."

"Najua."

"Hairuhusiwi. Wewe na mimi tungeonekana..."

"Najua. Sitarudi tena. Nilitaka tu kukubeba. Leo nilikuwa ukumbini. Nimekusikia ukicheka na mtu mwingine. Na mvua nayo."

Ilipita nyumba moja, ikapita ya pili.

"Kicheko kimo kwenye mwongozo," alisema mwanamke. "Ukurasa wa kumi na moja. Na wali ulioungua umo, ulipousema wewe kabla sijauuliza nilishtuka, nikacheka mahali pake. Mvua imo ukurasa wa ishirini." Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Lile swali la tairi halimo. Walinikata mshahara wa siku tatu kwa lile."

Sekiondo aliendesha polepole mno, mpaka kuku walikuwa wakimpita.

Nyumba ya mwanamke ilikuwa ya mwisho, chumba na baraza, mlango una kufuli kwa nje. Alishuka, akatafuta ufunguo kwenye mkoba kwa muda mrefu kuliko ufunguo unavyotafutwa. Ndani hapakuwa na taa, wala sauti, wala mtu wa kuuliza ni nani. Alifungua, akasimama kizingitini akiwa amempa Sekiondo mgongo, na katika hali hiyo, bila kumtazama usoni, akasema:

"Mimi siitwi Tumaini."

Akamtajia jina lake. Lilikuwa jina fupi, la kawaida, la bibi yake mzaa baba.

"Ila usiliandike popote," akasema, akaufunga mlango taratibu.

Sekiondo aliwasha pikipiki. Mbele yake zilikuwa kilomita mia na themanini, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alilitamka jina lile mara moja kwa sauti, kuhakikisha linatamkika, kisha akaliacha lipumzike, akashika njia.

Mimi ninayewasimulia ninalijua. Lakini amesema lisiandikwe popote, na ukurasa huu nao, mkiutazama vizuri, ni mahali.